Konsuli Huja Baada ya Mazishi

Kaburi lenyewe ni la pamoja. Liko Rostraver, kusini ya Pittsburgh, kwenye makaburi ya Olive Branch, mahali ambapo upepo wa Desemba haupati wa kuuzuia. Kibao cha serikali ya jimbo kinasema wamelazwa hapo wachimba makaa ya mawe 71 wa mgodi wa Darr, na kwamba 49 kati yao hawajulikani. Nilikisoma mara ya kwanza miaka minne iliyopita nikitoka kazini. Tangu siku hiyo hakijanitoka.

Kazi yangu ni ukalimani. Mimi ni mtu wa Kigoma, na ninaowatafsiria wengi ni Wakongo waliokaa Nyarugusu, kambi iliyo mkoani kwetu, miaka ishirini na zaidi kabla ya kuletwa Pennsylvania. Kila siku nauliza maswali yaleyale kwa niaba ya watu walioshika kalamu: umezaliwa wapi, raia wa nchi gani, umemwacha nani nyuma. Ndiyo maana ile hesabu ya 49 ilinishika. Watu wale nao waliulizwa majina bandarini walikopandia meli, wakaulizwa tena New York waliposhuka. Yalipotelea wapi?

Darr ulilipuka tarehe 19 Desemba 1907, ukaua wanaume na wavulana 239. Wengi walikuwa raia wa Kaizari Franz Joseph wa Austria-Hungaria. Kaizari alikuwa na balozi Washington, na konsuli wake, yaani balozi mdogo, alikuwa na ofisi papo hapo Pittsburgh. Nilitaka kujua watu hao walikuwa na kazi gani. Nikaanza kusoma usiku, watoto wakilala, na kila nilipodhani nimemaliza nikakuta mlango mwingine.

Ile himaya haikuwa nchi kama tunavyozijua sasa. Ilikuwa na Wajerumani wa Vienna, Wahungaria wa Budapest, Wacheki, Waslovakia, Wapoland, Waruteni (Waslavu wa milima ya Karpati na jirani zake), Wakroatia, Waslovenia, Waserbia, Waromania, Waitaliano wa Trieste na Wayahudi wa Galicia (jimbo ambalo leo liko Poland na Ukraine), wote chini ya mtu mmoja aliyekalia kiti kuanzia 1848 hadi alipofariki mwaka 1916. Kuanzia 1867 iligawanywa nusu mbili, Austria na Hungaria, kila moja na bunge lake. Mambo ya nje na jeshi yalibaki ya pamoja, pamoja na fedha za kuyaendesha. Kwa hiyo Washington alikuwepo balozi mmoja, lakini habari ya nani aondoke na kwa masharti gani kila nusu ilijiamulia. Sheria ya msingi ya Austria ilimruhusu mtu kuhama ilimradi hadaiwi utumishi wa jeshi. Budapest ilitunga sheria zake za uhamiaji, ya 1903 na ya 1909. Balozi alisemea nyumba yenye baba wawili.

Wazee wa pwani yetu waliijua himaya na wakaijua jamhuri kwa kuzishika mkononi. Reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, iliyoendelea kugongwa na mwaka wake uleule wa 1780, ilikuwa pesa ya Zanzibar. Merikani, kitambaa cha pamba kilichotoka Massachusetts, kilibebwa na misafara mpaka Ujiji kwetu. Tena Marekani ilitiliana mkataba na Seyyid Said mwaka 1833, miaka mitano kabla Washington na Vienna hazijapelekeana wajumbe. Hao wawili walikuwa na mkataba wa biashara tangu 1829, lakini wajumbe rasmi hawakubadilishana mpaka 1838. Hawakuwa na haraka, kwa sababu hawakuwa na watu wa kugombania.

Mtu wa kwanza waliyemgombania alikuwa Lajos Kossuth. Mwaka 1848 Wahungaria waliasi, na mwaka uliofuata rais wa Marekani alimtuma mjumbe wa siri, Dudley Mann, akaangalie kama dola yao mpya inastahili kutambuliwa. Uasi ulizimwa kabla hajafika. Vienna ilipogundua, mwakilishi wake Washington, Hülsemann, alilalamika kwa maandishi, na Waziri wa Mambo ya Nje Daniel Webster alimjibu mwezi Desemba 1850 kwa barua ya majivuno: ukilinganisha na ardhi ya jamhuri, mali ya ukoo wa Habsburg, yaani ukoo wa Kaizari, ni kiraka tu juu ya uso wa dunia. Mwaka mmoja baadaye Kossuth mwenyewe alishuka New York, akapokewa kwa maandamano ambayo mji ulikuwa umeyaona mara chache, na Januari 1852 akakaribishwa kwenye Bunge.

Halafu kuna kisa cha Martin Koszta, ambacho nimekisoma mara nyingi kuliko kingine chochote. Huyu alikuwa mkimbizi wa uasi uleule. Alifika Marekani, na mwaka 1852 akaapa New York kwamba ana nia ya kuwa raia. Kuapa nia tu. Uraia wenyewe alikuwa hajaupata. Mwaka 1853 alikwenda Smyrna, bandari ya Waturuki, huko akakamatwa na watu wa Austria na kutiwa pingu ndani ya manowari yao, Hussar. Nahodha Duncan Ingraham wa manowari ya Marekani St. Louis alikuwepo bandarini. Akageuza mizinga yake kuielekea Hussar, akatoa saa kadhaa: mtoeni, au tunapiga. Koszta alitolewa, akawekwa chini ya konsuli wa Ufaransa, mwisho akarudi Marekani. Bunge lilimtunukia Ingraham nishani ya dhahabu.

Mtu mmoja, asiye raia bado, na taifa zima likawa tayari kupigana kwa ajili yake. Kila ninaposoma kisa hiki nasisimka, halafu naumia, kwa sababu najua kilichofuata.

Mwaka 1885 jamhuri ilisimama imara tena. Rais Cleveland alimteua Anthony Keiley awe mjumbe Vienna. Vienna ikakataa kumpokea kwa kuwa mkewe ni Myahudi. Waziri Bayard alijibu kwamba katiba ya Marekani hairuhusu kupima mtumishi wa serikali kwa dini, na nafasi ile ikaachwa wazi hadi 1887. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini angalia ni nani waliokuwa wakisimamiwa: kiongozi wa mapinduzi, mkimbizi wa siasa, mjumbe na mkewe. Wakati huohuo, watu wa aina nyingine walikuwa wameanza kuja, wasio na hotuba wala barua ya kumtambulisha kwa mtu yeyote.

Walitoka vijiji vya Galicia na milima ya Karpati, ambako shamba la babu lilikuwa limegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka likawa vipande visivyolisha mtu. Habari zao zilianza kusikika mahakamani. Mwaka 1889, katika mji wa Wadowice, ilianza kesi ya washtakiwa 65, mawakala wa meli na wenzao, ambao kituo chao kilikuwa Oświęcim, njia panda ya reli. Ndio mji ambao baadaye Wajerumani waliufanya ujulikane kwa jina la Auschwitz. Mkulima alishuka hapo na akiba yake, akapelekwa kwa mtu aliyejivika sare ya ofisa. Mezani palikuwa na saa ya kengele. Mtu yule akaigusa ikalia, akamwambia mkulima kuwa ile ni telegrafu na kwamba anamuuliza Kaizari wa Amerika kama atakubali kumpokea. Kengele ikilia tena, jibu limekuja. Mkulima akalipia telegrafu.

Wapo wanaosimulia kisa hiki ili wacheke. Mimi siwezi. Mkulima yule alikuwa na akili zake timamu. Ila maisha yake yote ruhusa ilitoka kwa Kaizari, na hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba kuna nchi isiyo na kaizari. Madalali walikula palepale penye pengo la maelezo. Nimekaa na akina mama waliolipa kwa namna hiyohiyo, kwa mtu mwenye kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, ili kesi yao isogee. Kambini karatasi zako zote zinaitwa kesi.

Hawakukoma kuja. Katika mwaka wa hesabu wa 1907 waliingia Marekani watu 338,452 kutoka Austria-Hungaria, zaidi ya 900 kila siku. Kati ya 1901 na 1910 walikuwa milioni mbili na ushei. Hungaria ilipoona hawazuiliki ikaamua basi wapite bandari yake, ikafunga mkataba na kampuni ya meli ya Cunard: Fiume hadi New York. Fiume ndiyo Rijeka ya leo, nchini Kroatia.

Na hapo Fiume ndipo ninapompata mtu wangu. Mwaka 1904 Marekani ilimweka pale wakala wa konsuli wa miaka 21, Fiorello La Guardia, ambaye mama yake alikuwa Myahudi wa Trieste. Kabla ya meli kuondoka ilihitaji saini yake kwenye hati ya afya. Wakala wa kawaida angesaini, akachukua ada, akaenda kula. Yeye aliona jambo ambalo lilikuwa wazi kwa kila mtu: familia inauza ng'ombe na shamba, inavuka bahari, inafika Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, daktari anamfunua mtoto kope na kuona trakoma, ugonjwa ule tunaouita vikope, na mtoto anarudishwa. Wazazi wanachagua papo hapo nani arudi naye na nani abaki. La Guardia akasema hasaini mpaka daktari awakague wote kabla ya kupanda. Kampuni ilipinga, akashikilia.

Siku moja Bintimfalme Maria Josefa alipita Fiume akataka kuwaona wahamiaji wakipanda meli, na wakuu wa bandari wakataka wapakiwe kabla ya wakati wao ili apate kutazama. La Guardia alikataa, kwani wangekaa wamefungiwa chini ya sitaha bila sababu. Wakubwa wake hawakupenda. Mwaka 1906 aliacha kazi ile, na kuanzia 1907 hadi 1910 alikuwa mkalimani Ellis Island, akitafsiri Kikroatia, Kiitaliano na Kijerumani mchana na kusoma sheria usiku. Watu wanamkumbuka kama meya wa New York. Mimi namkumbuka kwa miaka ile, ya upande wa kuondokea na ya upande wa kufikia, kwa sababu mkalimani anajua maisha ya mtu yanaweza kugeuzwa na neno moja.

Nitatoa mfano. Mzee mmoja wa Kivu ninayemsaidia, ambaye namwita papa kama wanavyoitana kwao, alikuja na watoto wawili. Kesi yake na ya mkewe zilikuwa zimegawanyika kambini, na mke akabaki. Katika usaili wa kwanza papa alisema: "Bibi yangu alibakia Nyarugusu." Kwa Kiswahili cha kwao bibi ni mke. Mkalimani wa siku ile alikuwa mtu wa pwani kama si wa bara kwetu, na kwetu bibi ni mama wa mama yako au wa baba yako. Karatasi ikaandikwa kwamba ana nyanya kambini. Nyanya haombewi kwa fomu ileile inayomwombea mke. Nilipokutana na jalada lile zaidi ya mwaka ulikuwa umepita, na kurekebisha neno moja kulichukua miezi tisa.

Huko Marekani, kuanzia 1899, ofisa wa uhamiaji hakuridhika na jibu la "Austria". Alitakiwa kuandika pia kabila: Mslovakia, Mmagyari (ndiye Mhungaria), Mruteni, Mkroatia na Mslovenia katika kapu moja, na kadhalika. Kwa hiyo jamhuri iliwahesabu watu wa himaya kwa makabila yao kabla himaya yenyewe haijakubali kwamba makabila hayo ni mataifa. Wale waliohesabiwa nao walijifunza kujihesabu hivyo. Mtu aliondoka kijijini akijua yeye ni Mkristo wa kanisa fulani na mtu wa bonde fulani. Alifika Pittsburgh akaambiwa ni Mruteni, akatafuta Waruteni wenzake, wakaanzisha chama cha kuzikana.

Vyama vya kuzikana. Mtu wa kwetu haitaji maelezo. Unachanga kila mwezi ili ukifa usizikwe kama mzigo usio na mwenyewe.

Walikuwa na sababu ya kuchanga. Kwetu mgeni hupewa siku mbili kabla ya kupewa jembe. Hawa walipewa jembe siku waliyoshuka, na jembe lenyewe lilikuwa chini ya ardhi. Mwaka 1897 bunge la Pennsylvania lilipitisha sheria ya kumtoza mwajiri senti 3 kwa siku kwa kila mwanamume mgeni asiye raia, na waajiri wakaikata kwenye mishahara yao. Mahakama iliifuta, lakini hasira ilikuwa imeshalimbikizwa pamoja na dhuluma nyingine za migodini. Tarehe 10 Septemba mwaka huo wachimbaji mamia kadhaa, Wapoland, Waslovakia na Walithuania, waliandamana kuelekea mgodi wa Lattimer karibu na Hazleton. Hawakuwa na silaha. Mbele walibeba bendera ya Marekani. Sherifu James Martin na watu wake waliwamiminia risasi, wakafa 19, wengi wakiwa wamepigwa mgongoni. Sherifu na wenzake walishtakiwa, na mwaka 1898 baraza la mahakama likawaachia.

Hapo balozi wa himaya alifanya kazi yake. Hengelmüller, mwakilishi wa Vienna mjini Washington, alidai fidia kwa ajili ya wale waliokuwa raia wa Kaizari. Washington ilikataa. Hapakuwa na Ingraham wa kugeuza mizinga, wala Webster wa kuandika barua. Miaka arobaini na minne kabla, Mhungaria mmoja asiye raia alitosha kuifanya jamhuri iwe tayari kupigana. Sasa watu kumi na tisa waliouawa mchana kweupe, chini ya bendera yake yenyewe, hawakutosha kuifanya ilipe. Nimejaribu kutafuta maelezo ya heshima na sijayapata. Koszta alikuwa hadithi nzuri ya kusimulia juu ya uhuru. Wachimbaji walikuwa mikono, na mikono mingine ilikuwa njiani inakuja.

Hata Vienna na Budapest siwasifu. Walipowapoteza watu wale walihuzunikia askari watarajiwa na vibarua wa mashamba ya mabwana. Mkataba wa 1870 kati ya Marekani na himaya ulikuwa umekubali kwamba aliyekaa miaka mitano Marekani na kupata uraia wa tajnisi atambuliwe, lakini aliyeondoka akiwa ameshaitwa jeshini angeweza kudakwa akirudi. Walipoona fedha zinazotumwa nyumbani zinajenga nyumba na kulipa madeni ya kijiji kizima, ndipo walipoanza kuwapenda. Serikali ya Hungaria ilitoa pesa kwa siri kwa mapadri na magazeti ya wahamiaji Marekani, ili watu wasisahau wanayemtii na hasa Waslovakia wasianze kusikiliza maneno ya utaifa. Pesa za kuwachunga zilipatikana.

Sasa turudi Darr. Desemba 1907 ilianza na mlipuko wa mgodi wa Naomi, tarehe 1, wakafa 34. Mgodi ukafungwa, na baadhi ya waliobaki bila kazi wakahamia Darr. Tarehe 6 Monongah, West Virginia, ukalipuka na kuua watu 362 kwa hesabu rasmi, Waitaliano wengi na watu wa himaya. Tarehe 19 ikawa zamu ya Darr. Siku hiyo sehemu kubwa ya Waruteni hawakushuka mgodini, kwa kuwa kwa kalenda yao ya zamani ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi na walikuwa kanisani. Kengele za kanisa ziliwaokoa. Waliofuata kalenda ya mwajiri waliteketea.

Yale majina 49 nadhani yalipotelea hapohapo: chini kabisa miili iliungua kiasi cha kutotambulika, na juu hapakuwa na mtu wa familia wa kutambua kiatu au mkanda, kwa sababu mke alikuwa upande wa pili wa bahari. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya konsuli wa Pittsburgh. Kukusanya vitu vya marehemu, kutafuta kijiji, kuandika barua, kudai chochote kinachodaika. Na kudai kwenyewe kulikuwa kugumu, kwani mahakama za Pennsylvania zilikuwa zimeamua kwamba sheria ya fidia ya kifo haimhusu jamaa mgeni anayeishi nje ya nchi. Mjane Mwitaliano, Maiorano, alilipeleka shauri lake mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1909 akashindwa. Mkataba kati ya mataifa haukumsaidia. Maana yake, mwenye mgodi aliyeajiri mtu ambaye mkewe yuko Karpati aliweza kumuua kwa uzembe na asidaiwe na mjane huyo hata senti.

Kwa hiyo si ajabu wengi waliondoka mapema. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na inakadiriwa theluthi moja hivi ya watu wa himaya walirudi kwao. Usiku wa kuamkia 15 Aprili 1912 meli Carpathia, iliyobeba jina la milima yao, ilikuwa siku ya nne tangu kutoka New York, safari ya Mediterania hadi Fiume, na daraja la tatu lilikuwa na wahamiaji wanaorejea. Ndiyo iliyogeuza njia na kuwaokoa watu zaidi ya 700 wa Titanic. Dunia inaijua Carpathia kwa usiku ule mmoja tu.

Mwaka 1915 vita vikiwa vimepamba, balozi Konstantin Dumba aliandika kwa wakubwa wake mpango wa kugharamia migomo ya wafanyakazi wa himaya katika viwanda vya silaha, Bethlehem ya Pennsylvania na kwingineko, ili mizinga isiwafikie adui. Barua alimkabidhi mwandishi wa habari Mmarekani, James Archibald, na Waingereza wakampekua Falmouth. Washington ilitaka Dumba aondolewe. Jambo lake halikuwa halali, lakini ndani yake mlikuwa na ukweli mchungu: Mslovakia wa Bethlehem alikuwa anatengeneza kombora litakalompata kaka yake. Miaka yote ile konsuli alikuja baada ya mazishi, na siku balozi alipowahitaji wachimbaji na wafua chuma, akawaita kama jeshi. Wachache waliitika. Mrithi wake, Tarnowski, alifika Februari 1917 na Rais Wilson hakuzipokea kabisa hati zake. Uhusiano ulivunjika tarehe 8 Aprili, na tarehe 7 Desemba Marekani ikatangaza vita.

Ndipo wale waliohesabiwa kama mikono walipoamua jambo ambalo hakuna balozi aliyetarajia. Tarehe 30 Mei 1918, mjini Pittsburgh, Wacheki na Waslovakia wa Marekani walikubaliana na Tomáš Masaryk, ambaye mkewe alikuwa binti wa Brooklyn, kuunda dola moja. Waruteni walikutana Scranton mwezi Novemba, kisha matawi ya vyama vyao, vilevile vya kuzikana, yakapiga kura vijiji vyao vya nyumbani viende wapi. Theluthi mbili hivi wakachagua Chekoslovakia. Wachimba makaa wa Pennsylvania walipiga kura, na mpaka ukachorwa Ulaya. Gavana wa kwanza wa eneo lile, mwaka 1920, alikuwa wakili wa Pittsburgh, Grigory Žatkovich, aliyeletwa Marekani akiwa mtoto. Alipoona Praha haitoi mamlaka iliyoahidi, alijiuzulu 1921 akarudi Pittsburgh. Nimepita mtaa huu na ule nikifikiri, huyu mtu alitoka kutawala nchi akarudi kuvaa koti lake la kawaida hapa.

Himaya ilikuwa imekufa. Jamhuri nayo ikafunga mlango: kwa sheria ya 1924 Hungaria ilipewa nafasi 473 kwa mwaka mzima, Yugoslavia 671, Austria 785. Mwaka 1907 himaya ilileta kiasi cha 473 kabla ya jua la mchana kuelemea. Waliokuwa wameacha mke nyumbani wakingoja mwaka mzuri, mwaka ule haukuja tena kwa wengi wao.

Januari 2025 milango ya wakimbizi iliposimamishwa, jalada la papa lilikuwa limekwisha kusahihishwa, neno mke limeandikwa mahali pake. Limekaa hapo.

Desemba iliyopita, tarehe 19, nilimpeleka Olive Branch kwa sababu aliomba. Nilikuwa nimemsimulia kidogo kidogo ndani ya gari, siku za kwenda hospitali. Alisimama mbele ya kaburi kofia mkononi, baridi ile, nikamsomea kibao neno kwa neno. Akanyamaza. Halafu akauliza:

"Nani aliambiaka babibi yabo?"

Nikamweleza habari za konsuli, kwamba alikuwa anaandika barua. Akataka kujua barua ilichukua muda gani. Nikamwambia wiki mbili, tatu, mpaka kijijini. Na hawa wasiojulikana, akauliza, barua yao iliandikwa kwa nani? Sikuwa na la kumjibu.

Ilikuwa saa nane mchana kwetu, saa nne usiku Kigoma. Papa alivaa kofia, akavua glavu moja kwa meno, akatoa simu. Mkewe aliipokea kwenye mlio wa pili.